Duara Chini ya Dira

Siku ile mjinga alikuwa Inspekta Nasrudin mwenyewe, na heri lisemwe mapema. Ujinga wenyewe ulikuwa umepigwa chapa, ukagongwa mhuri wa polisi wa Kismayo, na chini yake ilikaa saini yake, nzuri, yenye mkia mrefu.

Aliyemfungua macho ni Khamisa. Alikuwa mtaalamu wa mawe na madini, mzaliwa wa mji huo huo, na asubuhi hiyo ya Alhamisi alikuwa ametua kutoka Mogadishu baada ya wiki sita za mafunzo Italia. Aliingia ofisini na mkoba begani, akaketi bila kukaribishwa.

"Kisu chako kiko wapi?"

"Salamu kwanza, dada. Habari za Italia?"

"Njema. Kisu."

Nasrudin akakitoa mfukoni. Kilikuwa kisu cha kukunja, kimekatika ncha, alichokitumia kumenyea machungwa, kufungulia bahasha na, mara moja tu katika utumishi wake, kukwangulia ushahidi.

Khamisa akakigeuza upande huu na ule, akakiweka mezani. "Basi ndiye huyu. Mtie pingu. Yule uliyemfungia huko nyuma mtoe."

Aliyefungiwa huko nyuma alikuwa fundi Hussein, mtengenezaji mashua, siku ya sita leo.

Kisa kilianzia majini. Wiki saba nyuma, Jumanne, mashua ya mashine ya tajiri Nassor ilitoka Kismayo kwenda kisiwa cha Koyama. Mvua ikafunga, visiwa vikapotea machoni, na kabla ya adhuhuri mashua ikapanda mwamba wa Fuma ikapasuka. Athmani, mpishi wa chombo, alikufa maji. Nahodha wake, Mahmudi, alikuwa na neno moja tu tangu siku hiyo: "Dira ilinidanganya."

Nasrudin alifika Fuma alasiri ile ile kwa boti ya polisi. Tezi, sehemu ya nyuma ya chombo, ilikuwa imekaa juu ya mwamba, kavu, na sanduku la dira lilikuwa pale pale, kifuniko kimevunjika. Akalichukua, akalirudisha ofisini, akaiweka dira juu ya meza mbele ya mashahidi watatu. Sindano ikaelekea kaskazini bila kusita, kama mwanafunzi anayejua jibu. Mahmudi akaonekana mwongo. Akatiwa mahabusu, na Jumamosi hii, keshokutwa, angesimama mbele ya hakimu kujibu kifo cha Athmani. Mwendesha mashtaka alikuwa akitaja miaka kumi, na alikuwa akiitaja kwa raha.

Jambo moja tu lilimwasha Nasrudin. Alipoitoa dira sandukuni aliona, kwenye kibao kilichokuwa chini yake, chembe nyeusi zimegandia katika sifa, yale mafuta ya ini la papa yanayopakwa vyombo. Alizigusa kwa sindano ya kushonea, zikaivuta sindano. Akazikwangua kwa kisu, akazitia katika kopo la maziwa, akampa Khamisa aliyekuwa akifunga safari. Khamisa akaliomba na sanduku lenyewe kwa saa moja, akalirudisha, akaondoka.

Siku sita zilizopita teleksi ikafika ofisi ya bandari: SAMPULI YA KWANZA CHUMA KINGI CHA PUA. Nasrudin alisoma mstari huo, akaikunja karatasi, na kabla ya chai ya saa nne alikuwa amemkamata Hussein. Nani mwingine aliyekuwa na misumari, patasi na misumeno? Na ni nani aliyelitengeneza sanduku lile?

"Ile teleksi unayo?" Khamisa akauliza sasa.

Nasrudin akaitoa katika jalada.

"Ikunjue mpaka mwisho."

Akaikunjua. Mstari wa pili ulikuwa mfupi: NGOJA SIJAMALIZA.

Nasrudin akaitazama ile karatasi, akaitazama na dari. "Wangeandika hili mwanzo," akasema.

"Wangeandika mwanzo ungesoma mwisho. Sasa sikiliza, maana tuna siku mbili."

Khamisa alitoa mkobani mrija wa kunywea soda, mweupe, wa plastiki, mfupi kama kidole. "Hiki ndicho kitanda cha mgonjwa. Ushahidi wako, chembe tano au sita, unabanwa katikati ya mrija kama huu."

"Serikali ya Italia haina fedha za kitu bora?"

"Plastiki hii karibu haina usumaku. Ndiyo maana. Mrija unashushwa ndani ya pipa refu, na ndani ya pipa mna nyaya zilizozungushwa, na pete ndogo ya madini ya niobi. Pete imo ndani ya heliamu iliyogeuzwa maji. Baridi yake ni digrii mia mbili sitini na tisa chini ya sifuri. Kwenye baridi hiyo umeme ndani ya pete haukutani na kizuizi chochote. Unazunguka hauchoki. Ukipandisha mrija na kuushusha, kama mna sumaku ndani, hata kidogo namna gani, ule umeme unashtuka, na mashine inaupima mshtuko."

"Kidogo namna gani?"

"Mkono wenye kutu ukishika mrija, wanakufukuza chumbani. Nimeona profesa mzima akitimuliwa kwa sababu ya koleo lake." Akakisukuma kisu kwa ukucha. "Sasa wewe ukakwangua kwa hiki, ukatia ndani ya kopo la bati. Tukapima. Mashine ikapiga kelele: chuma! Mimi nikatuma teleksi. Kisha nikakumbuka nilivyokuona ukilifunga lile kopo, ukifuta kisu kwenye suruali."

Nasrudin alihisi joto likipanda shingoni. Alikuwa mtu wa kuwacheka wenzake, na alijua vizuri kicheko kinavyokuwa kinapogeuka. "Kwa hiyo nimemfunga Hussein kwa ushahidi wa kisu changu."

"Siku sita."

"Na aliyeichezea dira anakula samaki wake wa nazi."

"Hilo sasa tulitazame." Khamisa alitoa karatasi tatu zenye mistari iliyopinda. "Saa ile uliyonipa sanduku, nilikwangua mwenyewe, kwa kipande cha kioo, nikatia katika plastiki. Nilichukua na mchanga mweusi wa pwani ya hapa, ule unaoletwa na mto, maana nilijua mtu atasema chembe zile ni mchanga wa miguuni."

"Abdulqadir keshasema."

Abdulqadir alikuwa serahangi wa ile mashua, msaidizi wa Mahmudi, mwanamume mwenye sauti tamu na mabega ya kubebea nanga. Maelezo yake yalikuwa ndani ya jalada: tangu mwamba ulipopiga hadi polisi walipofika, hakutoka majini, alikuwa akimtafuta Athmani. Mji wote ulimsifu. Tajiri Nassor alimkabidhi mashua mpya, kubwa zaidi, ambayo watu walidhani ingekuwa ya Mahmudi, na kesho baada ya sala ya Ijumaa ingeshushwa majini.

"Atakuwa amesema vizuri, kwa sababu mchanga ule nao unavutwa na sumaku," Khamisa akaendelea. "Lakini mchanga ule una madini yenye tabia yake. Ukiupoza, ukifika kama digrii mia na hamsini chini ya sifuri, usumaku wake unaruka ghafla. Tazama mstari huu." Mstari wa karatasi ya kwanza ulikwenda taratibu kisha ukapanda kigongo kama mgongo wa ngamia. "Huu ni mchanga. Na huu ni wa sandukuni." Wa pili ulipita palepale umenyooka, haukushtuka.

"Si mchanga."

"Si mchanga. Wala si kisu chako. Chuma cha kawaida ukikiwekea sumaku kubwa huku, kinaelekea huku. Ukigeuza, kinageuka, hakina msimamo. Hizi chembe ziligoma. Tuligeuza, hazitaki. Tukaongeza nguvu, hazitaki. Mpaka tulipozidisha sana ndipo zikageuka. Kitu chenye kichwa kigumu hivyo hakiokotwi ufukweni, Nasrudin. Kimetengenezwa kiwandani ili kiwe sumaku maisha. Ni kigae cheusi, kinachomwa kama chungu, kinavunjika kama chungu. Kimo ndani ya kila spika ya redio."

Nasrudin akainuka, akafungua kabati, akalitoa sanduku la dira. Akalitazama kama mtu anayemtazama jamaa aliyemdanganya. Ndani, kwenye kibao cha chini, lilikuwapo duara, upana wa kiganja, limechorwa na sifa iliyokauka. Alikuwa ameliona tangu siku ya kwanza. Aliliandika hata katika jalada: *alama ya gilasi ya chai, huenda ya fundi.*

"Gilasi ya chai," akasema.

"Nilikuwa nangoja uliseme mwenyewe," Khamisa akajibu.

*

Hussein alitolewa akiwa na ndevu za siku sita na macho ya mtu aliyekuwa akitunga maneno kwa siku sita. Alikuwa mzee mfupi, mikono mipana, na Athmani marehemu alikuwa mtoto wa mjomba wake. Kumshuku yeye kulikuwa kumtukana mara mbili.

"Ami Hussein," Nasrudin akaanza, "nimekosa. Nimekuja kukutaka radhi."

"Umekuja na funguo au na maneno?"

"Vyote."

"Funguo kwanza."

Walimpa kiti, wakampa chai. Alikunywa yote kabla ya kunena tena.

"Una sumaku, ami?" Nasrudin akauliza. "Ya spika?"

"Ninayo. Kila fundi anayo. Msumari ukianguka ndani ya maranda utautafuta kwa macho mpaka magharibi? Unapitisha sumaku, inakuokotea."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza!" Mzee akaweka gilasi kwa kishindo. "Siku sita unaniuliza misumari. Misumari ya shaba au ya chuma, Hussein? Misumari mingapi, Hussein? Nikikwambia sanduku la dira natia vigingi vya mbao, hata msumari wa shaba sitii, unaandika *anakana*. Sumaku hukuitaja hata mara moja."

"Na iko wapi?"

"Karakanani. Sasa iko. Ilipotea kwanza."

Nasrudin na Khamisa walitazamana. "Ilipotea vipi?" Khamisa akauliza taratibu.

"Haikupotea, iliazimwa. Mashua ya Nassor ilipokuwa imepandishwa ufukweni kwangu ikipakwa sifa, Abdulqadir aliniomba sumaku, misumari imemwangukia ndani ya chombo. Nikampa. Hakurudisha. Mashua ikashuka. Nikamkuta sokoni, nikamwambia bui, rafiki yangu, nirudishie sumaku, mimi naokota misumari kwa kucha kama kuku. Akasema iko chomboni, ataleta. Kisha ndiyo hayo ya Fuma yakatokea."

"Na akarudisha?"

"Siku ya maziko. Nina udongo wa kaburi la Athmani mikononi, ananijia na kitambaa: ami, amana yako hii. Nikamwambia, bwana, leo ni siku ya kurudishiana vyombo? Nikaitupa pembeni. Ukingo wake umebanduka, na inanuka sifa. Ilikuwa nzima nilipompa."

"Maziko yalikuwa Jumatano," Nasrudin akasema. "Siku ya pili tu. Na wewe, ami, fundi wa miaka yote hii, hujui sumaku inaifanya nini dira? Hukushuku?"

Hussein alimtazama kwa huruma. "Nilishuku. Kisha serikali ikatangaza dira ni nzima, imepimwa mezani mbele ya mashahidi watatu. Mimi ni nani nibishane na serikali?"

Khamisa alikohoa. Nasrudin alishughulika na kofia yake.

*

Kwenye mlango wa mahabusu Mwanapili, mkewe Mahmudi, alikuwa amefika na sufuria ya wali kama kila siku. Kwa wiki saba hakukosa hata siku moja, na kwa wiki saba hakumjibu Nasrudin salamu. Leo alimtazama Hussein akitoka huru, akamtazama inspekta.

"Mmoja umemtoa," akasema. "Mkono umeanza kuzoea. Endelea."

"Nataka kumuuliza mumeo swali, mama. Moja tu. Likijibiwa vizuri nitazoea zaidi."

Mahmudi alisogea kwenye nondo. Alikuwa amekonda, lakini alijinyoosha alipoona watu.

"Nahodha," Nasrudin akasema, "mashua ilishushwa Ijumaa. Jumamosi ulikwenda Koyama, Jumapili ukarudi, na Jumanne ndiyo ya mvua. Kama dira ilikuwa mbovu, mbona hukuona Jumamosi? Fuma iko pale, Koyama ile kule. Ungelinganisha tu."

Swali hilo lilikuwa limemsumbua tangu mwanzo. Ndilo mwendesha mashtaka alilolinoa kwa ajili ya hakimu.

Mahmudi alishika nondo kwa mikono miwili. "Sikuitazama."

"Siku mbili nzima?"

"Kulikuwa kweupe. Naona Fuma kwa macho yangu, niiname kutazama dira?" Sauti ikashuka. "Kwetu nahodha akiinamia dira na kisiwa kiko mbele yake, watamcheka mpaka Darakasi. Watasema amepoteza macho. Sikuitazama mpaka mvua ilipofunga Jumanne. Wakati huo ikawa ndiyo macho yangu, nikaifuata."

"Na chini yake hukuchungulia?"

"Dira naikuta imo tayari. Sanduku tukishalisomea Fatiha siku ya kushusha, nalifunga kwa mkono wangu, halifunguliwi mpaka chombo kipande tena juu. Ndivyo alivyofanya baba yangu."

"Wanaojua hayo ni nani?"

"Kila mchu wa chomboni, mkubwa kwa mdogo."

Hapo Mwanapili akaingilia, na kwa mara ya kwanza alisema na Nasrudin kama anayesema na mtu. "Niulize mimi nani aliyelipaka sifa lile sanduku. Mahmudi alikuwa na homa wiki ile. Sifa nilichemsha mimi, debe zima. Abdulqadir alikuja kunichotea bakuli ya mwisho, akasema, lete, mwanamke, imebaki nyumba ya dira tu. Nikamwambia wako vibarua watatu, wape. Akasema la, hiyo ataipaka yeye kwa mkono wake."

"Hayo ulimwambia nani, mama?"

"Ulinikaribisha kiti lini nikuambie?"

*

Karakana ya Hussein ilikuwa ufukweni, nyuma ya maghala. Mashua mpya ilikaa juu ya magogo, na harufu ya sifa ilikuwa nzito kiasi cha kushikika. Abdulqadir alikuwa juu yake, brashi mkononi, kanzu imefungwa kiunoni. Aliposikia hatua akageuka, akatabasamu.

"Inspekta! Na ami Hussein, alhamdulillahi, umetoka! Niliwaambia watu, mzee huyu hana kosa."

"Uliwaambia," Hussein akasema. "Mimi mwenyewe hukuja kuniambia." Akapita moja kwa moja hadi kwenye benchi lake la kazi, akafukua chini ya maranda, akarudi na pete nyeusi, nzito, upana wa kiganja. Ukingo wake ulikuwa umebanduka pahali pamoja, kama jino lililovunjika.

Khamisa alinyoosha mikono yote miwili kuipokea. Nasrudin akaweka sanduku la dira juu ya gogo, tupu, kibao cha chini kikitazama juu.

"Shuka, bwana Abdulqadir," akasema. "Tunacheza mchezo mdogo. Hauchukui dakika."

Abdulqadir akashuka, akijifuta mikono. Khamisa akaishusha ile pete polepole juu ya kibao. Ikaingia ndani ya duara la sifa kama mguu katika kiatu chake. Pale ilipobanduka, ndipo zilipokuwa zimegandia chembe.

Brashi iliyoachwa juu ilikuwa ikidondosha mafuta kwenye mchanga, tone, tone.

"Sumaku za spika zote ni mviringo," Abdulqadir akasema hatimaye. "Na chembe ni mchanga. Nilikwambia tangu zamani."

"Nilikusikia," Nasrudin akasema. "Nikaupeleka mchanga Italia kwa ndege. Wewe hata Mogadishu hujafika, mchanga wako umefika. Ukapozwa mpaka ukaruka. Chembe hizi hazikuruka. Ni za spika, bwana, dada Khamisa anazo karatasi zenye mihuri."

"Karatasi." Abdulqadir akamtazama Khamisa kutoka juu hadi chini. "Kitu kisichoonekana kwa macho, kinapimwa na pipa la barafu, na mimi nifungwe?"

"Wewe unakiona kwa macho," Khamisa akajibu. "Ndiyo maana umeacha kutabasamu."

"Uliiazima sumaku kwa Hussein?" Nasrudin akauliza.

"Niliiazima. Sijakana. Nilitaka kuokotea misumari."

"Uliirudisha siku ya maziko, mbele ya watu?"

"Niliirudisha. Amana hurudishwa."

"Sanduku la dira ulilipaka wewe."

Serahangi alisita kidogo tu, lakini Nasrudin alikuwa amekaa mezani na waongo wengi, na alikijua kituo kile. "Nililipaka. Kazi ni kazi."

"Sifa imepanda ukingoni mwa duara, pande zote. Sumaku ilikuwapo, na brashi yako ikaizunguka. Ulipaka ukiiona."

Abdulqadir akavuta pumzi. Kisha, jambo ambalo Nasrudin hakulitegemea, akacheka. Kicheko kilikuwa laini, cha mtu aliyekwisha kuuona mlango wa nyuma.

"Haya, Inspekta. Umenishinda, nitasema. Niliaibika tu. Niliokotea misumari, nikaiweka pale kidogo, nikapaka, mkono unakwenda na akili haipo. Jua kali, kazi nyingi. Dira ikatiwa, Mahmudi akafunga. Nikasahau. Nilisahau, basi! Andika. Mwanadamu husahau. Sheria gani inafunga mtu kwa kusahau?"

Nasrudin alikuwa na kalamu mkononi, na kalamu haikusogea. Lilikuwa jibu zuri, aliona hivyo kwa uchungu. Aliisikia sauti ya hakimu ikilikubali. Mahmudi angepunguziwa miaka miwili mitatu, maana nahodha ndiye mwenye chombo. Na Abdulqadir angekemewa, kisha kesho baada ya sala angeshusha mashua yake. Mwanapili angeendelea kuleta sufuria.

"Hukutaka kumwaibisha Mahmudi?" akajaribu. "Apotee njia kidogo, watu wamcheke, Nassor ampe mashua mwingine?"

"Hayo unayasema wewe. Mimi nasema nilisahau."

"Siku zote hizo?"

"Tangu alipolifunga. Haikunijia kichwani hata mara moja."

Nasrudin akageuza kurasa za jalada. Akafika kwenye maelezo ya serahangi, yale ya siku ya Fuma, yale yaliyosomwa msikitini mtu akasifiwa. Akayasoma kwa sauti, polepole, kama anayejisomea mwenyewe: *Tangu mwamba ulipopiga mpaka polisi walipofika, sikutoka majini. Nilikuwa nikimtafuta Athmani.*

"Ni kweli haya?"

"Ni kweli. Wallahi nilizama mpaka macho yakawa damu."

"Alasiri ile ile nililichukua sanduku kwenye tezi, juu ya mwamba, pakavu. Kifuniko kimevunjika, sumaku haimo. Tangu hapo sanduku, ila saa moja kwa dada Khamisa, limekaa kabatini kwangu, na ufunguo shingoni mwangu. Asubuhi yake sumaku iko makaburini, ndani ya kitambaa chako." Alifunga jalada. "Mimi hesabu za muda zinanipiga chenga, kila mtu mjini anajua. Nisaidie. Uliitoa saa ngapi?"

Abdulqadir aliifuta mikono kwa kanzu. Alimtazama Khamisa, kisha ile pete nyeusi iliyokaa ndani ya duara lake. "Nilikuwa... chombo kilipokuwa kikivunjika, kila kitu kinaelea, nikaiona tu, nikaishika. Mtu akiona kitu cha watu haokoi? Ndiyo kwanza nikaikumbuka. Kuna kosa gani, kukumbuka amana ya mtu? Ami Hussein, wewe ndiye mwenye mali. Waambie. Nilikukosea nini?"

Fundi Hussein aliinama, akaitoa sumaku yake ndani ya sanduku, akaifuta maranda kwa kidole gumba.

"Siku nne sumaku uliisahau," akasema. "Ya tano ukaikumbuka, ukamsahau Athmani."